Kushoto 37, Kulia 40

12 Februari

Kipusa mwanangu,

Barua hii nimeitumbukiza ndani ya kiatu cha kushoto cha hivi vya kahawia, badala ya yale makaratasi ya kujazia. Tutakuwa tunaandikiana hivyo: nikituma mzigo kwenye hilo duka lenu la mtandaoni, barua yangu itakuwa kiatuni, gunia likirudi na gari la mizigo, jibu lako liwe ndani. Mambo ya kazi usinipigie simu. Nikiwa na sindano ya shazia mkononi na simu sikioni kitatoboka kitu, na hakitakuwa ngozi.

Umesema kila kiatu lazima kiwe na kichwa, yaani yale maneno ya juu mteja anayosoma kabla ya kuona bei. Nimecheka peke yangu kibandani. Miaka yote hii nashona viatu vyenye soli, visigino na ndimi, leo mtoto wa kaka yangu ananiambia vina vichwa. Haya, nimekaa nikavitunga:

"Viatu vizuri sana kutoka kwa fundi anayejua kazi yake, hutajuta."

"Viatu vya heshima, ukivaa hata jirani atakusalimia kwanza."

"Vingine kama hivyo vya juu lakini vyeusi."

Hicho cha tatu nilikuwa nimechoka. Viandike hivyohivyo, usiniongezee wala kunipunguzia.

Na miguu yako inaendeleaje? Ulipokuwa mdogo ulikuwa unakaa kwenye kigoda changu nikupime. Siku hizi hata kipimo chako sina.

Shangazi yako,
Fundi Viatu

19 Februari

Shangazi, shikamoo.

Nimevisoma vichwa vyako kwa sauti hapa ofisini. Mpiga picha wetu amecheka mpaka akaweka kamera chini, na hicho cha jirani amekibandika ukutani. Lakini dukani havifai, usininunie.

Mtu anayenunua kwetu hapiti mbele ya kibanda chako akaona viatu vikining'inia. Ameshika simu, ameandika maneno mawili matatu kwenye kisanduku cha kutafutia, na mashine inamletea vile tu ambavyo vichwa vyake vina maneno hayo. Hakuna anayeandika "hutajuta". Anaandika "viatu vya ngozi vyeusi vya kike". Kwa hiyo anza na kitu chenyewe, ufuate na kilichotengenezewa, rangi, ni vya nani, na namba. Sifa ziache, kila muuzaji anajisifu na wateja wameshazizoea. Kiwe kifupi pia, maana skrini ni ndogo na maneno ya mwisho hukatwa.

Ukikwama jiulize swali moja tu: huyu anayekihitaji, akiwa peke yake na simu yake, ataandika nini?

Joto limezidi huku. Nakusalimu sana.

Kipusa wako

27 Februari

Kipusa,

Kumbe una akili hivyo na unakaa nayo kimya. Nimeshinda na hilo swali lako kuanzia asubuhi, gundi imenikaukia kwenye kopo nikiwaza.

Nikawaza hivi. Wenye miguu sawasawa hawanitafuti mimi, wananunua popote wanapopita. Wanaokuja kibandani kwangu ni wale ambao mguu mmoja umebaki nyuma ya mwenzake, kama miguu yetu sisi wa upande wa baba yako. Unajua mwenyewe tunavyozaliwa. Mimi nilivaa kiatu cha kushoto kilichojazwa pamba utoto wangu wote. Pamba ikilowa mvua unatembea kama umekanyaga uji. Siku nilipojua kushika shazia, viatu vya kwanza nilivyoshona vilikuwa vyangu, na tangu hapo nashona vya wenzangu. Huyo mwenzangu, akiwa peke yake na simu yake, ndiye nimemwandikia:

"Viatu vya ngozi vyeusi vya kike, namba tofauti, kushoto 38, kulia 41."

"Viatu vya ngozi vya kahawia vya kiume, namba tofauti, kushoto 40, kulia 42."

Na vingine saba vya namna hiyo, viko nyuma ya karatasi. Kitu, ngozi, rangi, mwenyewe, namba. Sijajisifu hata kidogo, na imeniuma.

Hujanijibu kuhusu miguu yako.

Shangazi yako,
Fundi Viatu

6 Machi

Shangazi, shikamoo.

Mzigo umefika salama na viatu vimepanda dukani leo. Picha zimetoka vizuri, ile ngozi ya kahawia inang'aa mpaka mtu anatamani kuigusa. Vichwa vyako ni vizuri, umeshika haraka kuliko wauzaji wengi ninaowafundisha. Tumevinyoosha kidogo tu ili vifuate utaratibu wa duka, usijali.

Nina kazi nyingi, kwa hiyo leo ni hayo tu. Huku mvua zimeanza.

Kipusa wako

21 Machi

Kipusa,

Gunia limerudi limejaa. Si tupu, limejaa viatu vyangu mwenyewe, na kila jozi ina karatasi ya lalamiko imebanwa kwa pini. "Kimoja kikubwa kimoja kidogo." "Mmechanganya jozi mbili." Mmoja ameandika: "Kushoto kinabana, kulia kinapwaya, fundi huyu alikuwa amelewa." Mimi, ambaye hata soda nakunywa nusu.

Unajua nilichofanya? Nilidhani macho yangu yamekwisha. Niliweka kila kiatu juu ya kalibu yake ya umbo la mguu upya, nikapima kwa utepe, nikapima tena kwa uzi. Vilikuwa vile vile nilivyovikusudia. Nikakaa na roho juu, nikijiuliza kama ni mikono inayokosea au ni kichwa. Sitaki tena siku kama hiyo.

Ndipo nikaenda kwa muuza dawa wa hapa jirani, akanifungulia duka lenu kwenye simu yake. Nikasoma mwenyewe: "Viatu vya ngozi vyeusi vya kike namba 40." Kwanza nilidhani ni viatu vya mtu mwingine. Kisha nikaona mshono wangu kwenye picha.

Arobaini ni namba ya nani? Kushoto ni 38 na kulia ni 41. Mmechukua miguu miwili ya kweli mkatengeneza mmoja ambao haupo, mkawauzia watu wasioomba. Nieleze ni nani aliyefanya hivyo, na usiniambie habari za mvua.

Shangazi yako

28 Machi

Shangazi, shikamoo.

Ni utaratibu wa meneja. Kichwa kimoja, namba moja, basi. Alipoona namba mbili alisema ni kosa la uandishi, kwamba fundi wa kijijini amechanganya, nikanyooshe. Nilimweleza. Nadhani nilimweleza, lakini si kwa sauti. Watu walikuwa wanacheka, mmoja akauliza kama tunauza viatu vya bata. Nikanyoosha.

Sasa hali ni mbaya. Ukurasa wako umebakiwa na nyota moja na nusu. Meneja anasema malalamiko yakiendelea ataufunga mwezi ujao, na fundi aliyefungiwa harudishwi tena. Shangazi, nakuomba, shona jozi za kawaida kwa muda tu, namba moja kushoto na kulia. Mkono wako ni mzuri, zitauzwa, nyota zitapanda. Wale wengine waendelee kuja kibandani kama zamani.

Najua hutaki kusikia hivi. Ila nisipokuambia mimi, utaambiwa na karatasi yenye muhuri.

Kipusa wako

5 Aprili

Kipusa,

Mwambie meneja wako sishoni jozi za namba moja. Si kwamba sijui kuzishona. Maduka yamejaa viatu vya namba moja mpaka vinamwagika barabarani, na havinihitaji mimi. Akitaka kufunga ukurasa aufunge, nilikuwa fundi kabla yeye hajajua kufunga kamba za viatu vyake. Lakini asinifungie kwa jina ambalo si langu. Aviache vichwa vyangu kama nilivyoviandika, watu wavione, kisha viatu vikirudi nitavichoma mwenyewe mbele yake.

Unasema waendelee kuja kibandani. Wanaoweza kuja ni wa mitaa hii miwili. Wengine wako mbali, kila mmoja anadhani ni yeye peke yake duniani, ananunua jozi mbili na kutupa nusu, au anajaza pamba na kunyamaza. Ni wewe uliyenifundisha nijiulize ataandika nini akiwa peke yake na simu yake. Ataandika hayohayo mnayoyacheka. Mkiyafuta, ninyi ndio mnaomwambia kwamba hayupo.

Mimi sioni haya, Kipusa. Miguu hii nimetembea nayo sokoni, nimecheza nayo harusini, nimesimama nayo kwenye mazishi ya baba yako tangu asubuhi mpaka watu wa mwisho walipoondoka. Baba yako alikuwa nayo pia, na hakuna aliyemwita bata.

Nimeongeza jozi kumi kwenye mzigo huu, zote za namba mbili. Na ninakuuliza tena, na safari hii unijibu: miguu yako vipi? Unavaa nini huko ofisini?

Shangazi yako,
Fundi Viatu

18 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Mzigo wako ulipokelewa nikiwa nimepelekwa mafunzoni. Niliporudi nimekuta jozi kumi, karibu zote bado ghalani. Nimeingiza mkono kwenye kila kiatu mpaka vidoleni, sikukuta barua. Hujawahi kunitumia mzigo bila neno.

Kama umenikasirikia, nigombeze. Kimya chako ndicho nisichokiweza. Meneja ameitisha kikao cha kufunga kurasa na sijui nikaseme nini. Niandikie hata mstari mmoja.

Kipusa wako

22 Aprili

Kwa Fundi Viatu,

Hunijui. Mimi ni mpima ardhi, kazi yangu ni kutembea na vigingi na kamba mashambani kutwa nzima. Viatu vyako vilinifikia wiki iliyopita, na ndani ya cha kushoto nilikuta karatasi. Niliifungua nikidhani ni maelezo ya kutunza ngozi. Nilipofika mstari wa pili nilijua ni barua ya watu wengine, lakini kuiacha nilishindwa. Naomba radhi, nakurudishia ikiwa nzima.

Mguu wangu wa kushoto ni 40, wa kulia ni 42 na ushee. Tangu nianze kazi hii nanunua jozi mbili mbili. Vinavyobaki viko chini ya kitanda, vimejaa, mke wangu anasema siku moja vitatufukuza chumbani. Katika duka lile nimetafuta kwa kila maneno niliyoweza kuyafikiria. Nimeandika "mguu mmoja mkubwa". Nimeandika "viatu namba mbili". Sikuwahi kuletewa chochote.

Unajua nilivyokupata? Nilikuwa natazama viatu vya kawaida, nikateremka mpaka kwenye malalamiko ya wateja. Mtu mmoja alikuwa ameandika kwa hasira kwamba cha kushoto kinabana, cha kulia kinapwaya, na fundi alikuwa amelewa. Nikaagiza palepale.

Cha kulia kinanigusa kidole kidogo, hilo sikufichi. Lakini juzi nimevuka navyo mabonde mawili, nikafika nyumbani, nikala, nikakaa barazani, na nilikuwa nimesahau kuvivua. Halijawahi kunitokea. Nakuomba unishonee vingine kwa kipimo changu, nimechora miguu yote miwili nyuma ya karatasi hii.

Kipusa simjui, lakini mfikishie salamu. Mwambie mtu aliyenisaidia kukupata ni yule aliyekutukana, na si vizuri iwe hivyo.

Mpima Ardhi

26 Aprili

Kipusa,

Sijakukasirikia. Yaani nilikukasirikia, lakini niliandika, na barua ikaondoka na viatu vya mtu. Isome sasa, na ya mpima ardhi isome zaidi. Zote mbili nimempa dereva wa gari la mizigo mkononi, nimemwambia akupe wewe tu, asimpe hata mlinzi.

Kikaoni sijui useme nini. Mimi ni fundi, sijawahi kukaa kikao isipokuwa cha mazishi. Simama tu kwa miguu yako mwenyewe.

Shangazi

4 Mei

Shangazi, shikamoo.

Ukurasa wako ulikuwa wa kwanza kujadiliwa. Nilisimama nikawasomea barua ya mpima ardhi yote. Nikamwambia meneja kwamba lalamiko la yule mteja ni kichwa bora kuliko kile tulichoandika sisi, kwa sababu yeye alisema kitu chenyewe na sisi tulikificha. Nikasema hatukuwahi kuuza viatu vibovu, tulichokuwa nacho ni vichwa vya uongo juu ya viatu vya kweli.

Meneja si mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema barua moja ni mtu mmoja, na duka haliendeshwi kwa ajili ya mtu mmoja. Akauliza watu wa namna hiyo ni wangapi hasa, maana yeye tangu azaliwe hajamwona hata mmoja. Yule wa habari za bata akacheka tena.

Umeniuliza tangu Februari navaa nini ofisini. Nilikuwa navaa viatu vyeusi vya dukani, namba 40 vyote viwili, cha kushoto kimejazwa pamba. Kila asubuhi naipanga upya kabla sijafungua mlango, na ngazini natangulia kushuka au nabaki nyuma, ili asiwepo wa kunitazama ninavyoteremka. Walipocheka mara ya kwanza, shangazi, na mimi nilicheka.

Nikakivua. Nikatoa pamba yote, nikaiweka mezani mbele ya meneja, juu ya karatasi zake.

Nikamwambia: "Umeniona mimi kila siku tangu uniajiri."

Mpiga picha akauliza polepole kama fundi anaweza kumpima mama yake. Meneja akanyanyua karatasi zake kutoka chini ya ile pamba. Akasema vichwa virudi kama vilivyoandikwa na fundi, mpaka mwisho wa mwezi. Viatu vikirudishwa tena, ukurasa unafungwa na mimi naondoka nao. Nikasema sawa. Sikusubiri kikao kiishe, nilikaa kwenye kompyuta yake palepale, mguu mmoja peku, nikaandika "namba tofauti" na namba zako zote mbili, jozi baada ya jozi, na yeye akiwa amesimama nyuma yangu.

Sijui mwezi utaishaje. Ila pamba sikuirudisha kiatuni. Natembea kinapwaya, kinapiga kelele koridoni, kila mtu anasikia nikija. Wazoee.

Humu ndani kuna karatasi nyingine. Nimeikanyaga nikazungusha kalamu, kushoto na kulia. Hilo ndilo jibu langu, samahani limechelewa.

Kipusa wako

31 Mei

Kipusa mwanangu,

Gunia limekuja na halina kiatu hata kimoja kilichorudishwa. Nililipindua nikalikung'uta kuhakikisha. Zilizoanguka ni karatasi: miguu imechorwa kwenye kurasa za kalenda, kwenye gazeti, kwenye bahasha zilizopasuliwa, na mmoja amekanyaga kipande cha pazia. Mama wa mpiga picha yumo, amechora kwa penseli ya nyusi. Nimezitandaza sakafuni kibandani, sina pa kupita. Muuza dawa alipoingia alidhani nimevamiwa na umati.

Mpima ardhi nimemtengenezea vyake. Kidole kidogo sasa kitapumua.

Msalimie meneja wako. Mwambie aliuliza watu wa namna hiyo ni wangapi, nami bado nahesabu. Nikimaliza nitamjulisha, asisubiri amesimama. Na ile pamba kama bado ipo niletee, kifuko changu cha kuchomekea sindano kimesinyaa.

Gari linaondoka sasa hivi, kwa hiyo nafupisha. Kwenye mzigo huu, juu kabisa, kuna jozi ambayo haiendi dukani. Nimeitungia kichwa kwa kanuni zako mwenyewe, kitu kwanza, namba baadaye, sifa hakuna:

"Viatu vya ngozi vyeusi vya kike vya ofisini, namba tofauti, kushoto 37, kulia 40. Haviuzwi."

Shangazi yako,
Fundi Viatu